Maswali ya Wasomaji: Kula na Kunywa Katika Masoko ya Tanga

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu Tanga: soko gani, chakula gani, saa ngapi. Tumeziweka pamoja kwa sababu majibu yake yanashikana. Chakula cha pwani kina saa yake, na samaki wana mwezi wao. Anayefika Deep Sea, soko la samaki la Tanga, bila kutazama mwezi wa angani atanunua ghali kile ambacho mwenzake alikipata tele wiki iliyopita.

*Shikamooni. Nitakuwa Tanga siku mbili kwa kazi na sitaki kuzimaliza kwa chipsi kuku. Nianzie wapi na saa ngapi? (Mtumishi wa umma, Dodoma)*

Marahaba. Anza saa 12 na nusu asubuhi, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, upande wa soko la Mgandini. Saa hiyo kina mama wamekwisha kubandika vikaango barazani. Agiza mbaazi za nazi na maandazi, au vitumbua na chai ya tangawizi. Mbaazi zilizopikwa vizuri utazijua kwa kuzitazama: punje zimeanza kupasuka, tui limezishika, na sahani ikiinamishwa hakuna maji yanayojitenga pembeni. Vitumbua uvile vikiwa vya moto. Wanga wa mchele hukaza kadiri unavyopoa, hivyo kitumbua kilichokuwa laini saa 1 huwa kigumu saa 4. Mpishi hana kosa hapo. Umechelewa wewe.

Baada ya chai nenda Deep Sea kwenye samaki, na jibu linalofuata litakusaidia. Mchana tafuta bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa. Wali wa nazi utaupata popote pwani, lakini bada ndilo chakula ambacho wenyeji wa Tanga wakiwa mbali hukiulizia. Alasiri kuna kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, pamoja na kashata ya karanga au ya nazi. Kahawa haitiwi sukari, kwani kashata inatosha. Jua likianza kuzama hutoka mihogo ya kukaanga, mishkaki, bajia, kachori na supu ya pweza.

Ukifika mwezi wa Ramadhani, pangilia upya. Mchana wapishi wengi wa barabarani hawapiki, na kula hadharani si adabu. Lakini kuanzia saa 10 jioni mji unajaa vyakula vya futari, na vingine huvioni miezi mingine kwa wingi huo: tambi za nazi, kaimati, mihogo ya nazi, ndizi mbivu za nazi, uji wa pilipili manga. Nunua kabla ya adhana ya Magharibi. Baada yake wauzaji nao wanafuturu.

Na salamu, ndugu yetu. Kuuliza bei kabla ya kusalimia kunakupandishia bei. "Shikamoo mama, habari za asubuhi," subiri ujibiwe, halafu uliza. Bei ukiiona kubwa, omba nyongeza badala ya kupunguziwa: fungu moja la mihogo kwa bei ileile, na kipande juu yake. Muuzaji hutoa nyongeza kwa moyo mweupe kuliko kukata shilingi 500.

*Tulikwenda Deep Sea tukakuta dagaa hakuna kabisa, pweza wawili tu, na bei za kutisha. Wiki mbili baadaye jirani yangu akarudi na ndoo tele. Ni bahati? (Mama wa nyumbani, Korogwe)*

Siyo bahati, mama. Tazama mwezi wa siku mliyokwenda ninyi na wa siku aliyokwenda jirani.

Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta juu, wavu ukawazunguka. Usiku wa mbalamwezi bahari yote ina mwanga, dagaa hutawanyika, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku hizo. Wafuate wakati wa giza, yaani mwezi unapokuwa mchanga au umekwisha. Wabichi hufika alfajiri. Wale wa kuchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa huwa tayari mchana wa siku hiyohiyo kukiwa na jua kali, au kesho yake. Dagaa mkavu mzuri ana rangi ya fedha, mzima, mkavu hadi kichwani. Akiwa wa manjano, mafuta yake yameanza kuchacha. Na uwatafune wawili watatu kabla ya kununua, mchanga utausikia kwenye meno.

Pweza ana hesabu nyingine. Wengi wao hukamatwa kwa miguu kwenye miamba wakati maji yamekupwa, na miamba hiyo huonekana vizuri siku za bamvu tu: siku chache zinazofuata mwezi mwandamo, na siku chache zinazofuata mwezi mpevu. Kwenye pwani yetu maji ya bamvu hukupwa kabisa kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Kwa hiyo pweza hufika sokoni kuanzia mchana, na supu nzuri huwa jioni ya siku hizo. Nusu mwezi ni maji mafu. Bahari haitoki mbali, miamba haifunuki, na pweza utakayemwona huenda ametoka kwenye barafu. Anayeliwa hivyo haleti madhara akihifadhiwa vyema, ila bei ya pweza mbichi usiilipe kwake. Na asiyefika nusu kilo usimnunue kabisa. Kanuni za uvuvi zinakataza kumvua, na huyo ndiye aliyepaswa kuzaa.

Juu ya mwezi kuna upepo. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu zaidi, mitumbwi midogo inafika mbali, na jodari na nguru hupatikana kwa urahisi. Kusi likishika katikati ya mwaka, vyombo vidogo hubaki ndani ya ghuba siku nyingi. Msimu huo utakuta changu, tasi na pono wa karibu, na samaki wakubwa bei juu. Muuzaji akikuambia "kusi hili, mama," anakueleza sababu ya kweli.

*Nilinunua vipande vya jodari, nikavikaanga vizuri hadi vikawa vikavu. Baada ya kula, uso ukawaka, mwili ukawasha, kichwa kikagonga. Nina mzio wa samaki? Na nitamjuaje samaki mzima? (Fundi, Muheza)*

Huenda huna mzio wowote. Jodari, vibua na nguru wana asili moja: wakikaa joto bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio. Ndiyo maana dalili zinafanana. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba histamini haifi kwa moto. Ukaange, uchemshe, ugandishe, itabaki. Kinachozuia ni barafu tangu samaki anapotoka majini. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi, na kwa kawaida huisha siku hiyohiyo. Ukisikia kifua kubana au pumzi kukata, nenda hospitali mara moja. Na wakati wa kula, kipande kikikuwasha mdomo kama kimetiwa pilipili ambayo hukuitia, kiteme na uache sahani hiyo. Kama dalili hizi zinakupata hata kwa changu aliyetoka majini sasa hivi, hapo nenda ukapimwe mzio.

Kwa jodari na nguru, basi, nunua kwa muuzaji aliyewalaza ndani ya barafu. Wale waliopangwa juu ya meza kwenye jua saa 5 usiwaguse, hata wakiuzwa nusu ya bei.

Kumkagua samaki, omba kwanza: "Naomba nimwangalie matamvua." Matamvua yawe mekundu na yanayong'aa. Ya kahawia au ya kijivu ni ya jana au juzi. Macho yajae na yawe maangavu. Bonyeza ubavu kwa kidole: nyama ikirudi, ni mzima. Harufu iwe ya bahari. Vipande vilivyokwisha kukatwa vinaficha dalili hizi zote, kwa hiyo mtake samaki mzima ukatiwe mbele yako. Ngozi ikiwa haing'ai lakini matamvua ni mazuri, amini matamvua.

Kuna dalili moja zaidi ambayo mnunuzi wa Tanga anapaswa kuijua. Pwani hii imeumizwa sana na uvuvi wa baruti, ambao Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza. Samaki wa baruti nje anaweza kuonekana mzuri, lakini ndani uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, tumbo lina damu iliyovilia, na nyama ni teketeke kuliko kawaida yake. Humwona vizuri anapopasuliwa. Ukimkuta, mrudishe. Kila anayemnunua analipia mwamba unaobomolewa, na mwamba huo ndiko pweza na changu wanakokaa.

Bunju, yule anayejivimbisha, haliwi. Sumu yake haiondoki kwa kupika. Na ukiona watu wamezunguka samaki mkubwa wa magamba mazito na mapezi yenye vikonyo, huyo ni silikanti, samaki wa kilindini ambaye majarife ya Tanga yalianza kumnasa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa ajili yake ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Nyama yake ina mafuta yanayoharisha, na kumuuza ni kosa.

*Tunapenda bada, lakini letu hutoka na mabonge, wakati mwingine chungu. Na mchuzi wa papa tui linakatika. Tusaidieni. (Wanandoa, Dar es Salaam)*

Tuanze na uchungu, maana si suala la ladha peke yake. Muhogo mchungu hutoa sianidi. Muhogo ulioanikwa tu bila kuloweka hubaki na sehemu kubwa ya sumu hiyo. Makopa mazuri hutoka kwenye muhogo uliomenywa, ukalowekwa kama siku 3 hadi ukalainika, kisha ukaanikwa juani. Sokoni chagua makopa meupe, yanayovunjika kwa kishindo, yasiyo na ukungu mweusi wala kijani. Lamba kidogo. Likiwa chungu, acha. Kama tayari umenunua unga na una shaka, uchanganye na maji hadi uwe mzito na wenye unyevu kila mahali, utandaze kwenye chano kwa unene usiozidi sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama gesi. Kisha usonge siku hiyohiyo, usiulaze.

Kusonga: chemsha lita 1 ya maji, andaa kama gramu 500 za unga uliochekechwa. Hapa wengi hukosea kwa kufuata desturi ya sembe, wakaanza na uji. Unga wa muhogo ukiupikia uji kwanza huvuta, na unga unaoongezwa hufungwa ndani ukiwa mkavu. Hayo ndiyo mabonge yenu. Maji yakichemka kwelikweli, punguza moto, mimina sehemu kubwa ya unga kwa mara moja, na ukoroge kwa nguvu kwa mwiko mpana. Ongeza uliobaki kidogokidogo, geuza na kukandamiza kwenye ubavu wa sufuria kwa dakika 5 hadi 7. Bada lililoiva hubadilika rangi kutoka weupe wa unga kuwa na mng'ao wa kijivu, na haling'ang'anii mwiko uliochovywa maji. Liliwe la moto, kwa mkono.

Sasa papa. Papa mkavu wote wana harufu, lakini kuna harufu na harufu. Mwili wa papa una urea, ambayo baada ya kufa hugeuka amonia. Harufu kidogo ni ya kawaida. Ikikuchoma macho, papa huyo alicheleweshwa kutiwa chumvi. Mkatae pia mwenye mabaka mekundu ya bakteria wa chumvi, na mwenye unga mlaini na vitundu, kwani tayari analiwa na wadudu.

Kwa nusu kilo: loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa 1, ukibadilisha maji mara moja. Kwangua ngozi kwa kisu hadi mchanga wake wote utoke. Chemsha dakika 10, mwaga maji, mchambue. Chukua nazi 2, zikune: tui zito kikombe 1, tui jepesi vikombe 2. Kwenye tui jepesi tia vitunguu 2, nyanya 3, punje 4 za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Chemsha dakika 15 hadi nyanya ziyeyuke. Tia papa, dakika 10. Ndipo mimina tui zito, moto mdogo, sufuria wazi, ukoroge bila kuacha hadi lianze kutokota taratibu, na liache hivyo dakika 5 tu. Ipua, kamulia ndimu.

Tui lenu linakatika kwa mojawapo ya sababu tatu: mlilitia mapema, mlifunika likachemka kwa nguvu, au ndimu iliingia likiwa bado motoni. Mafuta ya tui hushikwa na protini yake. Moto mkali na uchachu huivunja ile protini, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Anayetaka ukwaju au embe bichi azipike pamoja na nyanya, zimalize ukali wake kabla tui zito halijaingia. Chumvi onjeni mwisho kabisa. Mara nyingi haihitajiki.

*Pweza wangu huwa mgumu kama raba. Wauzaji wa supu wanafanyaje? (Kijana, Pangani)*

Wanampiga na wanamsubiri. Mgeuze kichwa, toa matumbo, mfuko wa wino na mdomo ulio katikati ya mikono. Msugue kwa chumvi ya mawe hadi ute wote utoke, suuza, kisha mpige juu ya jiwe au mbao hadi mikono ilegee. Mweke kwenye sufuria kwa maji kidogo sana, nusu kikombe, funika, moto mdogo. Yeye mwenyewe hutoa maji mengi. Pweza wa kilo 1 na nusu huchukua dakika 45 hadi saa 1. Ukimjaribu dakika ya 15 utamkuta mgumu kuliko alipokuwa mbichi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakampakua. Nyama yake hujikaza kwanza, kisha hulainika kadiri moto mdogo unavyoendelea. Mpime kwa uma pale mkono unapoungana na kichwa. Atapungua hadi karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo pima idadi ya walaji kabla hujaenda sokoni.

Maji yaliyobaki ndiyo supu. Yaongeze kiasi, tia tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga iliyotwangwa papo hapo, chemsha dakika 10. Usitie chumvi kabla ya kuonja. Ukiwa mnunuzi barabarani, tazama sufuria iko juu ya moto au imewekwa pembeni, kisha omba ukatiwe kipande kutoka ndani yake, si kutoka kwenye sinia.

*Vinywaji vya barabarani vipi? Madafu, miwa, ukwaju, kipi salama kwa watoto? (Mwalimu, Handeni)*

Dafu ndilo la kwanza, kwa sababu maji yake hayajaguswa na mtu hadi panga linapopita. Litake likatwe mbele yako, na mweleze muuzaji unachotaka: la maji matupu, au lenye nyama laini ya kukwangua. Litikise. Dafu changa limejaa, halisikiki. Likicheza maji ndani, linaelekea koroma, utamu umepungua na nyama imekaza. Maji yakitoka na rangi ya waridi au yakiwa na uchachu, omba jingine.

Juisi ya miwa ni nzuri pia, mradi miwa imemenywa na kuoshwa, mashine ni safi, na unainywa palepale. Ndimu na tangawizi huichelewesha kugeuka rangi, lakini haziui vijidudu. Iliyokaa kwenye ndoo hadi ikawa ya kahawia, iache. Ukwaju na ubuyu hutegemea maji yaliyotumika. Muulize mama kama aliyachemsha, hakuna ubaya kuuliza. Wasiwasi wetu mkubwa ni barafu: mabonge ya barafu yanayovunjwa kwa nyundo mara nyingi yametengenezwa kwa ajili ya samaki. Kwa watoto, agiza bila barafu. Tembo la mnazi halimo kwenye orodha ya mwalimu, na sokoni hulioni, ila kwa watu wazima watakaolikuta kwa mgema: tamu hudumu saa chache tu baada ya kugemwa, kisha huwa kali.

*Machungwa ya Muheza niliyouziwa yalikuwa ya kijani. Niliibiwa? (Msomaji, Singida)*

Hukuibiwa. Ganda la chungwa huhitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi, na tambarare za Muheza hazina baridi hiyo. Ndani huiva lingali kijani. Chagua zito kwa ukubwa wake, lenye ganda laini na jembamba. Lenye ganda la mabonge na jepesi mkononi ni kavu.

*Nataka kupeleka samaki wabichi Arusha kwa basi. Watafika? (Mfanyabiashara mdogo, Tanga)*

Watafika wazima ukianza mapema. Watoe matumbo na matamvua palepale Deep Sea, wasuuze kwa maji safi, usiwaache wakiloa. Tumia boksi jeupe linalozuia joto, lenye tundu dogo chini la kutolea maji. Tandika barafu iliyovunjwa, samaki, barafu, samaki, malizia kwa barafu. Uzito wa barafu ulingane na wa samaki: kilo 10 kwa kilo 10. Jaza tumbo la kila samaki mkubwa kwa barafu pia, kwa sababu nyama huanza kuharibika ndani. Funga kwa utepe wa gundi pande zote na umwombe kondakta aliweke mbali na injini. Kwa safari ya mchana kutwa chukua changu, chewa au kolekole. Jodari na vibua usiwapeleke kama huna hakika walikuwa kwenye barafu tangu chomboni.